Utangulizi: Kuku wa Kibanja na Kuku wa Keji

Kitabu hiki kinawalenga watu watatu: mwanafunzi wa mifugo anayeanza, afisa ugani aliyepangiwa kata asiyoijua, na mfugaji wa Muleba au Bukoba ambaye mwanawe aliyeko mjini amempigia simu kumwambia kwamba kuku wa siku hizi hawaachwi kuzurura, wanawekwa kwenye keji. Wote watatu wana swali moja: kuku afungiwe au aachwe? Swali hilo limezaa taaluma nzima, yaani sayansi ya ustawi wa wanyama. Taaluma hii ina umri wa miaka sitini hivi, ina maabara, majarida na ubishi usiokwisha, na kwa Kiswahili imeandikwa kidogo mno.

Nitaje msimamo wangu mapema, ili anayetaka kubishana nami aanze mapema. Sitetei keji. Lakini pia siamini kwamba kuku anayezunguka chini ya migomba ya Kamachumu anaishi vizuri kwa sababu tu hakufungwa. Taaluma hii ilizaliwa Ulaya, ikimtazama kuku wa keji, na huruma yake yote ikaelekea huko. Anayeisomea Kagera aanze kwingine. Aanze na kifaranga aliye huru kabisa, anayekufa kabla ya kutimiza wiki nane.

Kwanza tumtazame kuku mwenyewe mahali anapoishi. Kibanja cha Mhaya ni shamba lililoizunguka nyumba: migomba juu, kahawa ya robusta katikati, maharage chini, na matandazo ya nyasi zilizokatwa rweya (uwanda wa nyasi nje ya vibanja) na kubebwa kichwani. Mtetea anapofunguliwa asubuhi haendi mbali. Anasimama penye matandazo mazito, anachakura kwa mguu mmoja, anachakura kwa mwingine, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa na kutazama kwa jicho moja kilichofunuka: mchwa, funza, nyungunyungu, mbegu. Anadonoa, anaita vifaranga, anaanza tena. Novemba na Desemba, senene wanapoanguka, anashindana na watu wenye ndoo, na mara nyingi hashindwi.

Mwaka 1989 mtafiti wa Oxford, Marian Stamp Dawkins, alichapisha matokeo ya kuwachunguza kuku wa porini wekundu waliolishwa chakula cha kutosha na kuachwa huru katika bustani ya wanyama. Kuku hao ndio asili ya kuku wetu wote. Ingawa hawakuwa na njaa, walionekana wakidonoa ardhi katika dakika 60 kati ya kila 100 alizowatazama, na wakichakura katika dakika 34. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Dawkins alionyesha kwamba hata akishiba haachi. Hapo ndipo penye mzizi wa hoja dhidi ya keji. Kuku wa keji anapewa chakula ambacho angekitafuta kutwa nzima, lakini ile hamu ya kutafuta haiondoki.

Mwenye kibanja naye ana kesi yake, na haki inataka asikilizwe. Matandazo yaliyobebwa kwa taabu kutoka rweya yanatawanywa kwa asubuhi moja. Maharage yaliyochipua jana leo hayapo. Ardhi imebana: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika Wilaya ya Muleba, na tangu hapo mkoa mzima wa Kagera umekaribia watu milioni tatu. Kibanja kilichokuwa cha babu mmoja sasa kimegawanywa kwa wajukuu, na kuku hajui mpaka uliopandwa miti. Nimesikia ugomvi wa majirani ulioanzia kwenye kuku ukaishia baraza la kata. Wanaosifu ufugaji huria kutoka ofisini huwa hawaugusi ugomvi huu.

Tena, uhuru kamili haukuwa desturi yetu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ilikuwa na kazi: kumzoesha nyumba mpya asirudi alikotoka. Mtetea mwenye vifaranga alifunikwa tenga. Usiku kuku waliingizwa ndani, na katika msonge wa Kihaya hata ng'ombe walilala chini ya paa moja na watu. Kwa hiyo anayesema kwamba kumfungia kuku ni jambo la kizungu hajaisoma historia ya kwao. Mjadala wetu unahusu muda gani, wapi, na kwa faida ya nani.

Keji yenyewe ilitoka wapi? Marekani na Uingereza, kati ya miaka ya 1930 na 1950, kwa sababu ambazo wakati huo zilionekana njema kabisa. Kugunduliwa kwa vitamini D katika miaka ya 1920 kuliwezesha kuku kuishi ndani bila jua. Sakafu ya waya ilimtenga kuku na kinyesi chake, na hivyo kupunguza ugonjwa wa koksidiosi na minyoo. Mfugaji aliyemweka kila mtetea katika chumba chake aliweza kujua nani anataga na nani anakula bure. Baadaye tu ndipo vyumba hivyo vilipopunguzwa ukubwa na kujazwa kuku wanne au watano, na hesabu ya faida ikashika usukani.

Mwaka 1964 Ruth Harrison, mwanamke wa Kiingereza ambaye hakuwa mwanasayansi, alichapisha kitabu Animal Machines, akieleza maisha ya kuku na ndama katika mabanda ya kiwanda. Kelele zilizozuka ziliifanya serikali ya Uingereza iunde kamati chini ya Profesa Rogers Brambell, mtaalamu wa wanyama kutoka Bangor. Ripoti yake ya 1965 ilisema mnyama anastahili walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 mawazo hayo yalipanuliwa na kuwa zile zinazoitwa hadi leo Haki Tano: mnyama asipate njaa wala kiu; asikose mahali pa kustarehe; asipate maumivu, majeraha wala magonjwa; asiishi kwa hofu; na aweze kuonyesha tabia zake za asili. Msomaji azikariri hizi tano, kwa sababu katika kitabu hiki zitagongana mara nyingi. Ya tatu na ya tano hasa hazipatani, na ugumu wote wa suala la Muleba unakaa katikati yao.

Kamati ya Brambell inakumbukwa pia kwa pendekezo moja dogo lililokwenda mrama. Ilishauri waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita usitumike kwenye sakafu ya keji, kwa kuwa ungeumiza miguu. Ilitaka waya mnene zaidi. Mwaka 1973 watafiti Hughes na Black waliwapa kuku wenyewe nafasi ya kuchagua. Kuku wakachagua kusimama kwenye ule waya mwembamba, ambao unaubeba wayo katika sehemu nyingi zaidi. Wajumbe wasomi, wenye nia njema, walikuwa wameyapima maumivu ya kuku kwa macho ya binadamu. Kuanzia hapo taaluma ikajifunza kumuuliza kuku: mpe milango miwili uone ataingia upi, mtegee mlango mzito uone atausukuma kwa nguvu kiasi gani ili afike kwenye kiota. Majibu yalikuja wazi. Mtetea anayekaribia kutaga huhangaika kutafuta mahali pa siri, na husukuma milango mizito sana ili apate. Akikosa vumbi la kuogea, hujilaza kwenye waya mtupu na kufanya miondoko yote ya kuoga, huku hakuna hata punje ya mchanga inayopanda kwenye manyoya.

Ushahidi wa aina hiyo ndio uliobadilisha sheria. Uswisi iliachana na keji tupu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 1999, na kuanzia tarehe 1 Januari 2012 keji tupu zikawa haramu. Hadi siku hiyo kuku wa Ulaya aliruhusiwa kuwekwa katika sentimita za mraba 550, ndogo kuliko karatasi ya A4 ambayo msomaji huandikia barua. Keji zilizobaki halali sharti ziwe na kiota, kichanja, mahali pa kuchakura na sentimita za mraba 750 kwa kila kuku. California ilikwenda mbali zaidi kwa kura za wananchi za 2008 na 2018. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wanafunzi wangu wengi huijua sheria ya Ulaya kabla ya hiyo ya kwao, na si kosa lao, ndivyo tunavyowafundisha.

Kuhusu madhara ya keji sina haja ya kurefusha hapa; sura mbili zimetengwa kwa ajili hiyo. Litoshe jambo moja la mifupa. Mtetea wa kisasa hutaga mayai karibu 300 kwa mwaka, na kila ganda linachukua gramu mbili hivi za kalisi. Asipopata nafasi ya kutembea na kuruka, mifupa yake hudhoofika hadi kuvunjika mchukuzi anapomtoa siku ya kuuzwa. Lakini kuku walioachiwa mabanda yenye vichanja virefu nao huvunjika sana mfupa wa kidari kwa kugonga wanaporuka. Na wakiwa wengi pamoja, bila keji, huanza kudonoana hadi kuuana. Kwa hiyo kila mfumo una majeruhi wake, na kazi ya mwanasayansi ni kuwahesabu wote.

Basi tuwahesabu majeruhi wa uhuru. Muuaji wao wa kwanza kwa mbali ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ulitambuliwa na wanasayansi miaka ya 1926 na 1927, na jina lake la kitaalamu limetokana na mji wa Newcastle huko Uingereza. Ukiingia kijijini kuku wanasinzia, wanaharisha kijani, wanapinda shingo, na kwa siku chache banda la kuku thelathini linabaki na wawili. Kuku anayezunguka kwa majirani huubeba. Kuku aliyenunuliwa mnadani huuleta. Mwewe, nguchiro na kicheche humalizia waliobaki. Tafiti za kuku wa asili katika nchi nyingi za Afrika zinakubaliana kwamba zaidi ya nusu ya vifaranga wanaoachwa huru hufa katika wiki zao za mwanzo. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mikupuo mitatu hivi, na muda wake mwingi unaisha akiatamia na kulea watoto ambao wengi wao hawatakua. Atakayeniambia huo ndio ustawi, nitamwomba anionyeshe ni Haki ipi kati ya zile tano iliyotimia ukiondoa ya mwisho.

Na hapo ndipo ilipo habari njema kuliko zote katika taaluma hii kwa upande wetu. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kikundi cha Peter Spradbrow kilitengeneza chanjo ya kideri inayoitwa I-2, isiyoharibika haraka kwa joto. Tanzania ilianza kuitengeneza yenyewe katika maabara ya mifugo ya Temeke, na wengi wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Ubora wake unaonekana siku ya kazi. Mchanjaji anafika alfajiri, kuku hawajafunguliwa bado, kichupa kimezungushiwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu. Mama mwenye nyumba anatoa kuku mmoja mmoja, anamlaza ubavu kwenye mkono, jicho moja likielekea juu. Tone moja linaanguka jichoni, kuku anapepesa, anaachiwa. Hakuna sindano, hakuna jokofu la kubeba. Kazi inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ila kuku waliolala juu ya miti hawashikiki, na kuku wasiochanjwa ndio wanaoleta kideri kwa vifaranga wapya. Kwa hiyo hata chanjo, ambayo ni rafiki mkubwa wa kuku huru, inamtaka alale bandani.

Alale bandani, lakini wapi? Wezi wamewafanya wafugaji wengi walaze kuku jikoni au chumbani. Mwaka 2016 watafiti Derek Headey na Kalle Hirvonen walichapisha uchambuzi wa kaya za vijijini Ethiopia. Waliona kwamba watoto wa kaya zenye kuku walikuwa na urefu bora zaidi kwa umri wao, lakini kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya watu, uhusiano uligeuka na watoto walionekana kudumaa zaidi. Kinyesi cha kuku na mtoto anayetambaa havikai sakafu moja. Kagera, ambako ndizi hazikosi na bado udumavu wa watoto ni miongoni mwa ulio mkubwa nchini, matokeo hayo yanapaswa kusomwa na kila afisa ugani kabla ya kushika kitabu kingine. Kibanda cha miti kilichoinuliwa kutoka chini, chenye kufuli, mbele ya dirisha la mwenye nyumba, ni kitu kidogo kwa gharama lakini kinalinda kuku na mtoto kwa pamoja.

Kuna pia mafua ya ndege. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kwa wingi Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe nchini Uganda, na virusi vya H5N8 vikathibitishwa. Kuku na bata wa Masaka nao wakaathirika. Kutoka Masaka hadi mpaka wa Kagera si mwendo mrefu, na ndege wa ziwani hawagongewi muhuri Mutukula. Oktoba mwaka huohuo vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa mpakani Namanga kwa hofu ya ugonjwa huo. Tukio hilo lilizua mjadala mkali wa biashara kati ya nchi mbili, na mjadala mdogo mno wa ustawi. Uingereza, mwaka 2022, kuku wa huria walifungiwa ndani muda mrefu kiasi kwamba mayai yao yalipoteza haki ya kuitwa ya huria. Anayedai kwamba uhuru ni bora siku zote, na mahali pote, ana kazi ya kujibu hapo.

Mbona basi nisishauri keji? Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja: kuku anachotaka tumekwisha kumuuliza, naye amejibu. Ya pili ni chakula. Mtetea wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku mia moja wanamaliza gunia la kilo 50 kwa siku nne. Mashudu ya alizeti yanatoka Singida na Dodoma, nauli juu. Dagaa wanatoka visiwani, Bumbire, Goziba na Ikuza, ambavyo ni sehemu ya Muleba hiyohiyo. Dagaa wanaoingia kwenye mfuko wa chakula cha kuku ni dagaa ambao hawakuingia kwenye chungu cha mtu. Kuku wa keji hawezi kujiongezea hata funza mmoja. Siku mfugaji akikosa hela ya chakula, kuku wa kibanja anahangaika na kuishi; kuku wa keji anakufa mbele ya chombo kitupu. Sababu ya tatu ni mbolea. Migomba ya Bukoba na Muleba ilistawi kwa samadi ya ng'ombe kwa vizazi vingi, na ng'ombe wamepungua. Kinyesi cha kuku kilichochanganyika na maranda au maganda ya kahawa ni mali, na banda la sakafu linakitoa kikiwa tayari kwa shamba.

Lakini kwa mvua ya Bukoba, inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka, maranda yakilowa koksidiosi haichelewi. Kwa hiyo nashauri nusu huria, kwa utaratibu huu ambao kitabu kinaueleza sura kwa sura: vifaranga wafungiwe kabisa na kulishwa vizuri kwa wiki nane za mwanzo, kuku wazima walale katika kibanda kikavu chenye viota na vichanja, wafunguliwe mchana katika sehemu ya kibanja iliyozungushiwa uzio, ikibadilishwa ili matandazo yapumzike, na msimu maharage yanapochipua, wasubiri hadi alasiri. Mwenye kuku wa mayai mia tano karibu na mji wa Bukoba atumie banda la maranda, asiruke moja kwa moja kwenye keji kwa sababu jirani yake ameruka.

Suala la mbegu nimeliweka mwishoni kwa makusudi, maana wengi huanza nalo. Kuchi, Kishingo na Singamagazi ni kuku wetu wa asili wenye sifa tofauti, na mradi uliotekelezwa nchini kuanzia 2015 kwa ushirikiano wa taasisi za utafiti wa mifugo na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine uliwajaribu Sasso na Kuroiler katika mazingira ya vijijini. Kuroiler alitokea India, Sasso Ufaransa. Wote wawili hukua haraka kuliko wa kienyeji wakitunzwa. Wasipotunzwa, mwewe huwaona mapema zaidi kwa sababu ni wazito wa kukimbia.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, msomaji wangu, nina ombi moja. Nenda kwenye nyumba tatu za jirani zenye kuku. Uliza kila mwenye nyumba vifaranga wangapi walitotolewa msimu uliopita, na wangapi wametimiza wiki nane. Uliza wanalala wapi, na chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Andika majibu kwenye daftari kama ulivyopewa, bila kuyasahihisha. Kisha mpelekee afisa mifugo wa kata yako majibu ya chanjo, na umwombe akupe tarehe ya duru ijayo.